Mama Mwingine kwenye Afishi ya Mume Wangu

Kaa karibu, wewe unayenisoma, nikueleze polepole. Nina miaka thelathini na sita, ninauza bikwembe, vitenge vya kujifunga, sokoni hapa Lubumbashi. Nimezaa watoto wawili, Béni na Plamedi... na leo siishi nao.

Mume wangu alinioa kimila. Alipeleka mali ya mahari kwa wazazi wangu, wazee wakala, wakacheza. Kuandikisha ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali, tuliahirisha tu. Si ndivyo wengi wetu tunavyofanya?

Halafu akagombea ubunge. Watu wake wa matangazo wakamwambia kwamba wapiga kura wanampenda baba wa familia, mwenye bibi anayejua Kifaransa kizuri. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni.

Akanibembeleza. “Chérie, ni publicité tu. Unipatie batoto siku moja.”

Nikawaogesha mwenyewe. Nikawapigia nguo pasi kwa mikono yangu hii!

Afishi zikabandikwa mji mzima. Mume wangu mbele ya villa moja huko Golf, mtaa wa matajiri, amekumbatia watoto wangu... na mwanamke nisiyemjua! Chini wameandika: “Baba mwema, kiongozi mwema.”

Wenzangu sokoni wakanitania: “Mama Béni, batoto banapata mama mupya na hautuambie?”

“Muache, ni kazi ya campagne,” nikajibu. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Ikaja filamu ya kampeni: watoto wanasali na “mama”, wanakula na “mama”. Wakalala hukohuko Golf, eti wasichoshwe na njia. Mume wangu akashinda uchaguzi. Nikaenda kuwachukua.

Mlinzi wa getini akanionyesha afishi ukutani. “Batoto ba honorable beko na mama yabo. Ule pale. Weye njo nani?”

Wazee wetu wakaenda Golf kudai, nami nikafuatana nao. Mume wangu akawaambia, bila haya, kwamba mimi nilikuwa mlezi tu wa watoto! Wazee waliokula mali yake! Wakati huo Béni akapita sebuleni. Akamtazama baba yake kwanza, kisha akanisalimia: “Bonjour, tantine.”

Tantine, eti shangazi... Mimi niliyemzaa!

Ndugu yangu, usijilaumu kama nawe uliwahi kuamini picha kama hiyo. Imetengenezwa uiamini. Inakuonyesha baba anayecheka. Haikuonyeshi nani ameondolewa pembeni ili acheke vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia mtu kura kwa sababu ya familia yake, nenda kwenye mtaa alikokaa kabla ya kampeni. Bisha hodi kwa majirani watatu. Waulize: watoto wale, nani aliwazaa na kuwalea?