Niliosha Vyombo vya Mvinyo, Wakasema Naweka Dawa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Nilizaliwa Usangi, nikaolewa Myamba, na sasa naishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Same mjini. Sikuachika kwa uzinzi, wala uvivu, wala ulevi. Niliondoka nyumbani kwangu kwa sababu ya kuosha vyombo... Ndiyo, kuosha vyombo! Chekeni tu. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningecheka.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa usafi tangu utoto. Mume wangu, baba Nakundwa, alizoea kunitania akiniita "bibi afya", maana sikuweza kupita kwenye sufuria iliyofunikwa vibaya nikanyamaza. Tulilima tangawizi kama wenzetu wote wa kule, tukiishi kiwanja kimoja na baba mkwe na mama mkwe. Mungu alitujalia binti mmoja tu, Nakundwa. Hatukuwa matajiri, lakini tulicheka kila siku.

Balaa lilianza niliposhuka Same kwenye mafunzo ya akina mama wajasiriamali. Nilikwenda na jirani yangu Namsifu, ambaye tulikuwa chanda na pete. Tulifundishwa kutengeneza mvinyo wa tangawizi na nanasi nyumbani. Mwalimu hakusisitiza sana tangawizi wala sukari. Alisisitiza vyombo! Alisema kuosha ni kitu kimoja na kuua vijidudu ni kitu kingine. Kwanza unasugua ndoo, chujio, chupa na mpira wa kuhamishia mvinyo kwa maji ya moto na sabuni, mpaka ule ute wote utoke. Unasuuza. Halafu unayeyusha unga mweupe kidogo kwenye maji safi, unayapitisha kila mahali, kisha unainamisha chombo kijichuje chenyewe. Hufuti kwa kitambaa. Hugusi kwa mdomo. Huachi mlango wazi vumbi likaingia.

Ule unga ulikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hata mwalimu alijikwaa kulitamka. Sisi tuliliacha palepale darasani. Mimi na Namsifu tuliuita "dawa ya vyombo", na baada ya muda tukauita "dawa" tu. Laiti ningejua! Laiti ningelikariri lile jina kama sala!

Kazi ilianza vizuri. Namsifu alitengenezea kwake, mimi kwangu, tukisaidiana wateja. Nilisafisha stoo yetu, nikaweka ndoo zangu na chupa zangu, nikafunga mlango. Nilijifunga kitambaa kichwani na kingine mdomoni, kwa sababu ile dawa ina harufu kali ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwaka na inakohoza. Ndani, mvinyo ulipochachuka, hewa ilitoka kupitia mpira na kububujika kwenye chupa ya maji. Mtu akipita nje alisikia bwibwi, bwibwi, halafu mimi nakohoa. Mtoto akisogea nilimfokea, "Toka hapo, nina dawa!"

Sasa fikirieni wenyewe jirani alielewa nini.

Mama mkwe wangu alisifika kwa dengelua, ile pombe yetu ya miwa. Alikuwa na kibuyu chake cha miaka mingi ambacho hakijawahi kuona sabuni. Alikisuuza kwa maji baridi tu, akisema kile kilichoganda ndani ndicho kinachoijua kazi ya kuchachusha. Mimi kila nikikiona nilitamani kukisugua! Siku moja alipokwenda kanisani nikakichukua kibuyu kile, nikakisugua ndani kwa mchanga na maji ya moto, nikakipitisha dawa, nikakianika kinang'aa. Nilidhani nimempa zawadi...

Dengelua ya safari ile haikuchachuka. Ilibaki maji ya miwa matamu. Mama mkwe alikaa chini akalia machozi kabisa, akaniuliza, "Umekitia nini kibuyu changu?"

Nikamjibu bila hila yoyote, "Dawa, mama. Dawa ya kuua vijidudu."

Maneno hayo yalitoka uani kwetu yakafika mashineni, yakaenda kisimani, yakazunguka sokoni. Yalipokuwa yanazunguka, "vijidudu" walidondoka njiani. Kilichorudi masikioni mwangu ni kwamba mke wa Usangi ana dawa ya kuua. Nilicheka. Nilimwambia mume wangu, naye akacheka. Namsifu alicheka zaidi yetu sote!

Ikafika Krismasi. Mnajua Upareni Krismasi ilivyo, kila mtoto wa ukoo hupanda mlima kurudi kwao. Shemeji zangu walitoka Dar na Arusha, uani pakajaa. Baba mkwe aliagiza chupa ya kwanza ya mvinyo wangu ifunguliwe mbele ya wanawe. Mzee yule alinipenda jamani! Hakuwahi kuniita mtu wa kuja.

Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza, kwenye chombo kilekile cha mgeni, ndipo anakabidhi. Mtoto mdogo anajua. Ndiyo namna ya kusema, kunyweni, hapa pana amani. Lakini mimi nilikuwa na sheria za darasani kichwani. Mwalimu alisema usitie mdomo kwenye glasi ya mtu mwingine. Nikafuta mdomo wa chupa kwa maji ya dawa, nikamimina, nikampa mzee kwa mikono miwili... bila kuonja.

Mzee akatabasamu akasema, "Mama Nakundwa, wewe huonji?"

Nikasema, "Baba, nimeosha kila kitu kwa dawa. Ni salama kabisa."

Akanywa. Akasifu. Akaomba tena. Mimi nikajiona mwanamke wa kisasa...

Haikupita wiki, baba mkwe akaanguka shambani. Upande mmoja wa mwili ukakataa, mdomo ukaenda pembeni. Tulimteremsha Same hospitali. Daktari alituambia wazi kwamba ni kiharusi, kwamba presha ilikuwa juu kwa muda mrefu na mzee hakuwa anatumia vidonge. Mume wangu alisikia kwa masikio yake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Mzee alifariki kabla ya mwaka mpya.

Nililia kuliko watoto wake wa kuzaa. Nilitaka kupika msibani, wifi yangu mmoja akaninyang'anya mwiko kwa upole, akasema nipumzike. Nikachukua ndoo nikachote maji, nayo ikapokewa. Hata vikombe vya chai sikuruhusiwa kuvisuuza! Mimi, bibi afya! Nilikaa kwenye mkeka mikono mapajani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo yameharibika.

Baada ya kumaliza msiba, ukoo ulikaa kikao. Nikaitwa katikati. Shemeji yangu mkubwa aliuliza swali moja tu, "Mama Nakundwa, ulimpa baba dawa gani?"

Nilieleza. Mungu wangu, nilieleza! Nilisema si ya kunywesha mtu, ni ya kuoshea. Wakauliza, kama ni ya kuoshea kwa nini unajifungia? Nikasema vumbi. Kwa nini unafunga mdomo? Nikasema inakohoza. Kwa nini hukuonja? Nikasema mwalimu alikataza... Kila jibu langu lilikuwa la kweli na kila jibu lilinizamisha.

Nikakumbuka kipakiti cha ule unga. Nikakimbia stoo nikakileta mwenyewe, nikijua sasa nimepona. Shemeji anajua Kiingereza. Alivaa miwani, akasoma kimoyomoyo, kisha akawatafsiria wazee kwamba imeandikwa ina madhara ikimezwa. Ni kweli imeandikwa! Ukimeza ule unga mkavu utaumia. Lakini kidogo kilichoyeyushwa kwenye maji mengi, kikapitishwa kwenye chupa na kujichuja, kingemfanya nini mzee? Nani alinisikiliza? Mama mkwe alishaanza kupiga kelele za kilio upya.

Nikachukua chupa iliyobaki ya mvinyo uleule, nikaifungua, nikainywa mbele yao mpaka nusu. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenye dawa haimdhuru. Na habari za daktari? Akasema hospitali haipimi mambo kama hayo.

Nikabakiwa na mtu mmoja. Namsifu alikuwa amekaa na akina mama mlangoni. Nikamwita kwa jina. Nikamwambia, mwenzangu, tulifundishwa pamoja, tulinunua pamoja, na wewe unayo nyumbani kwako. Waambie hii ni kitu gani!

Namsifu alitazama chini. Akasema, "Mimi naosha kwa sabuni na maji ya moto. Hiyo dawa ni yake mwenyewe."

Jamani... Nilimgeukia mume wangu. Alikuwepo hospitalini, alimsikia daktari! Alikuwa anakwangua udongo kwa kijiti, hakuinua uso.

Hakunipiga. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali! Kesho yake aliniambia tu, "Mke wangu, nenda kwenu Usangi upumzike, mambo yapoe." Nikamuuliza kama anaamini. Akasema haamini, lakini yule ni mama yake. Nikamuuliza Nakundwa nitakwenda naye? Akasema mtoto ana shule.

Usangi nilipokewa vizuri na kaka yangu, mpaka uvumi nao ukapanda milima ukanikuta. Wifi akaanza kufunika vyakula nikiingia jikoni. Nikaaga kabla sijaambiwa, nikateremka Same. Sasa nauza maandazi. Mume wangu alikuwa akipiga simu, kisha akawa anatuma ujumbe, kisha hata ujumbe ukakatika.

Namsifu tulikutana sokoni. Nilitaka kumrukia, lakini nilipomfikia nikaishia kumuuliza kwa nini. Naye akalia palepale. Akasema, "Ningesema naijua, wangesema tulikuwa wawili. Nami nina watoto, dada." Kisha akasema pole, akaenda zake. Nasikia mvinyo wake sasa unauzwa hadi kwenye maharusi, na kwamba kila chupa anaionja kwanza yeye. Nimchukie? Nimejaribu, nimeshindwa. Huenda na mimi ningeinamisha kichwa kama yeye, sijui.

Majuzi Nakundwa alinitembelea. Amekuwa mkubwa, amenipita urefu! Anapata kipaimara mwezi huu. Nilimwekea chai na maandazi ya moto. Akasema ameshiba, ilhali safari yote ya kushuka mlima hajala, nilimwona midomo imemkauka. Sikumlazimisha. Akaniambia nije kanisani, baba amekubali, ila bibi ameagiza nisije na chakula chochote, hata maji. Na keki, ambayo mama ndiye humlisha mwanawe siku hiyo? Mtoto atalishwa na shangazi yake.

Nilimwambia sawa, mwanangu. Ningesema nini?

Wenzangu, hasa ninyi akina mama mnaotengeneza mvinyo, juisi au chochote cha kunywa nyumbani, nawaombeni kwa machozi msipite njia yangu. Vyombo osheni, tena osheni sana, lakini kabla ya kufunga mlango waiteni wa nyumbani waone mnachofanya na kwa nini. Waiteni mama wakwe washike huo unga, wanuse, waulize mpaka wachoke. Jifunzeni jina lake halisi. Msikubali kabisa kuuita dawa, maana kwetu neno hilo lina mambo mengi ndani yake na hamtachagua nyie watu walisikie vipi. Na kama desturi ya mnaoishi nao inataka muonje kwanza, onjeni! Glasi moja kuiosha tena ingenichukua muda gani?

Mimi Jumapili ya kipaimara nitakwenda. Nitavaa gauni langu jeupe, nitakaa na wageni, na shangazi mtu atakapoinua kipande cha keki kumlisha mwanangu, nitapiga vigelegele kama wageni wengine.