Ukuta Unaojiziba

Rafiki yangu Duane Kowalchuk, fundi bomba wa Hamilton, Kanada nzima hana mpinzani ila mimi, alitumwa kutoboa ukuta wa chumba cha chini ya nyumba, wa zege jipya linaloziba nyufa zake lenyewe. Saa sita mkaguzi anafika. Asipokuta tundu, Duane hana kazi.

Akatoboa. Kwenda garini kuchukua bomba, kurudi, tundu limeziba! Mara ya tatu akampigia bosi.

"Ufa mwembamba tu unachukua wiki tatu kujiziba, Duane. Umelewa?"

"Njoo utoboe mwenyewe basi, bosi!"

Taa ikazimika. Akapapasa pale penye tundu: zege bichi. Na nyuma ya ukuta, ndani ya udongo mtupu, akasikia mwiko wa mwashi ukilainisha zege, kwaruu, kwaruu, kisha ukakung'utwa mara mbili.