Picha ya Thelathini na Mbili

Mpaka leo sijui nani aliichora picha ya thelathini na mbili.

Fundi wa kujalidi vitabu huhesabu kabla ya kufumua uzi. Jioni moja nilikwenda kwa mjane wa mwalimu wa kuchora, nikabeba, ili nikijalidi upya, kitabu chake kikubwa cha mabwana wa kale wa Ulaya, wale waliochonga picha kwenye bamba la shaba kisha wakazipiga chapa. Orodha ya mwanzoni ilisema picha thelathini na moja. Nikahesabu karakanani.

Thelathini na mbili.

Ya mwisho ilifunikwa karatasi nyororo kama zile nyingine. Nikaifunua. Meza. Kibanio cha vitabu. Mzee ameinama, na mgongo ule ulikuwa wangu. Mbele yake, kigoda kitupu.

Nikacheka peke yangu. Mabwana wale walikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Kesho yake, jua likizama, nikafunua tena. Kigodani amekaa mwanamke, uso kaupeleka pembeni. Nilimjua kwa kitambaa chake, fundo juu ya sikio la kushoto.

Mke wangu. Miaka minne kaburini.

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha sasa. Nilisogeza kiti, nikamsimulia siku yangu. Harufu ya mafuta yake ya nywele ikaja... taratibu... kutoka karatasini.

Kila jioni alizidi kukolea wino. Kila jioni uso uligeuka kidogo. Mzee wa pichani alikuwa akififia, sikujali. Nilitaka kuuona uso tu.

Jumamosi dada yangu akaleta chakula.

"Kaka, wewe na gundi yako mtazikwa pamoja. Lete mikono unawe."

Akamimina maji. Akasita.

"Mistari ya viganja vyako iko wapi?"

Nikatazama. Laini kama sahani. Vidole pia.

Nikamwonyesha picha. Hakupiga kelele. Alimpigia simu mjane, akasikiliza, akaiweka chini polepole.

"Anasema mumewe alikufa na mikono hivyo hivyo. Alidhani ni chaki zilizomla." Akachukua kiberiti. "Tuichome."

"Humo yumo wifi yako."

"Wifi yangu hakuwahi kukunyima hata kijiko cha mwisho. Huyu anakula."

"Bado kidogo ageuke. Jioni moja tu, dada."

"Na kesho nimpikie nani?"

Tukaamua ikatwe, ichomwe, kabla jua halijazama. Kisu kiliponyoka mkononi mwangu mara tatu. Vidole visivyo na mistari havishiki kitu. Basi alikata yeye, karibu na uzi nilivyomwelekeza, mimi nimeshika jalada, macho nimefumba.

Njiti ya kiberiti ikakwaruza. Nikamsikia dada akinong'ona, wala si kwangu:

"Usinitazame hivyo."

Kisha akachoma.