Maji ya Mchele Kando ya Kinu

Tong. Tong-tong. Tong.

Kulikuwa bado giza. Xiulan alikuwa jikoni kwa Bibi Gek Neo, mjini Melaka, akitwanga pilipili. Mkono wa kulia wa bibi ulikuwa umepooza, na pilipili ya dukani alikuwa haigusi. Mwanawe, Kheng Hoe, mchumba wa Xiulan, alimdanganya mama yake kwamba anayetwanga ni yeye mwenyewe.

Maana Xiulan alishakataliwa. Siku alipopiga magoti kumpa bibi chai ya ukwe, bibi aliiacha ikapoa mezani. Chai isiponywewa, hakuna ndoa.

—Mgeni wa juzi kutoka ng'ambo, huko Fujian, bibi alisema. Sisi tuko hapa tangu enzi za mababu.

Simu ikatetemeka. Kheng Hoe: "Mama anaamka. Toka kwa nyuma."

Xiulan alichovya mikono iliyowaka katika bakuli la maji ya mchele, lililokuwa likimsubiri kando ya kinu kila alfajiri. Akaandika: "Nimechoka kujificha, Hoe. Leo mwisho. Asante kwa maji ya mchele."

Hoe akajibu: "Maji gani?"

Xiulan akalitazama bakuli. Nyuma yake mkongojo wa bibi uligonga sakafu.

—Unakimbilia wapi?

—Samahani, Mama.

—Mwanangu akitwanga ni kama anapigilia misumari. Zamani hapa mchumba tulimchagua kwa kusikiliza kinu chake tukiwa nyuma ya ukuta. Ulidhani nina nta masikioni?

—Kumbe maji ni yako?

—Pilipili inaunguza. Hata nisiyemtaka simwachi aungue.

—Mbona hukusema?

—Ningesema, ningelazimika kunywa chai yako.

Kheng Hoe akaingia mbio, shati kalivaa nje-ndani.

—Mama, mimi ndiye...

—Nyamaza, mwongo wee. Bandika maji.

Bibi aliitazama picha ya babu wa ukoo juu ya madhabahu.

—Hata huyu alishuka hapa mgeni, na mkeka kwapani. Mwanamke wa hapa ndiye aliyempokea. Mimi nikajisahaulisha.

Chai ilipoiva, Xiulan akapiga magoti, kikombe mikononi. Bibi akakipokea kwa mkono wa kushoto. Kikainama upande, na Xiulan akakitegemeza kwa chini mpaka bibi akakimaliza.

—Nimechoka kukukataa, mwanangu. Kunachosha kuliko kutwanga.

Machozi yalikuwa yakimdondoka Xiulan, naye akaogopa kuyafuta kwa mikono yenye pilipili. Bibi akayafuta kwa upindo wa saruni yake.

—Nenda kapumzike. Ila kesho uje tena. Na upite mlango wa mbele.