Mtani Kwenye Msiba wa Fortunatus

Soko la Nachingwea lilifurika Jumamosi ile, na Saadi akamkanyaga Serafina kidole mbele ya meza ya mhogo mkavu.

"We kaka! Macho umeyaacha Ruangwa?"

"Yalikuwa yanakuangalia wewe, dada'angu. Miguu ikakosa wa kuiongoza."

Serafina alicheka bila kutaka. Kitenge chake cha manjano kilimkaa vizuri, na sauti yake nzito ya kwaya ilimfanya Saadi, Mmwera wa Nandagala, asahau alichofuata sokoni. Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe Mmwera, mbaazi tena?"

"Angalia mdomo wako, Mmakonde. Sisi watani, nitakutukana bure na hutanifanya kitu."

Fortunatus, kaka yake Serafina, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Namungo. Kampuni moja ilipokuja kuzungushia uzio mashimo yao, alitunga wimbo wa Kimakonde wa kuipinga. Wachimbaji wenzake Wamwera wakauwekea kiitikio cha kwao, Wayao wakaleta ngoma. Saadi aliurekodi video kwa simu akaurusha kwenye magrupu, uso wa Fortunatus ukiwa mbele kabisa. Alijisifia kazi nzuri, masikini, wala hakufikiria zaidi ya hapo.

Siku ya tatu walinzi wa kampuni walimtambua Fortunatus njiani. Walimpiga virungu mpaka akafa.

"Wewe ndiye uliyewaonyesha sura yake," Serafina alisema kwenye simu.

"Sera, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Na usinipigie tena."

Siku ya mazishi polisi walifika mapema wakatangaza kwamba wimbo ule ni marufuku. Waombolezaji waliinamisha vichwa kwa woga. Ndipo Saadi akaingia, amevaa kofia na mabuti ya marehemu. Mama Goreti, mama wa marehemu na Serafina, ndiye aliyempa, maana alijua mila: mtani msibani husema atakalo, na kumkasirikia ni mwiko. Hata Serafina hakuweza kumfukuza.

"Amka, mvivu wewe!" Saadi alilifokea jeneza. "Wenzio wamefukuzwa mashimoni, wewe umelala! Na huu wimbo wako mbovu, nani ataumaliza?"

Watu wakacheka huku wakilia. Saadi akauanza kwa Kimakonde cha kubabaisha, Wamwera wakaitikia, Wayao na Wamakua wakapiga makofi. Askari walitazamana. Serafina alimwona Saadi akijifuta machozi kwa kofia ya marehemu, na hasira yote ikamtoka, akabakiwa na uchungu mtupu. Akasimama, akaupokea wimbo, akauongoza mpaka mwisho.

Kaburi lilipofukiwa, askari alimkamata Saadi mkono. "Utani umekwisha, kijana. Twende."

"Sera, nisamehe. Mimi ndiye niliyemponza."

"Ulimponza," Serafina alisema. "Na ninakupenda. Yote mawili." Akamgeukia askari. "Afande, andika na jina langu. Niliyeongoza ni mimi."

"Dada, nenda kwenu."

"Hapa ndipo kwetu."

Wakampandisha naye garini. Walikaa bega kwa bega, pingu zikiwauma.

"Tukitoka, nikuoe?" Saadi alinong'ona.

"Nioe."

Mama Goreti alilikimbilia gari mita chache, akashindwa. Akarudi kukaa kwenye udongo mbichi wa mwanawe, maana nyumbani hapakuwa na mtu.