Baridi ya Chumba cha Abdi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Deqa alichovya fulana ya mdogo wake kwenye ndoo ya maji, akaikamua kidogo, kisha akamvalisha ikiwa bado inatiririka. Abdiwahid, ambaye wote walimwita Abdi, alijikunja kama jongoo na kupiga kelele.

"Baridi! Deqa unaniua!"

"Nyamaza wewe. Inua mkono wa pili."

Majirani wa mtaa wa Bulapesa walipozisikia kelele hizo walijua kumekucha.

Fulana hiyo haikuwa mchezo. Abdi alizaliwa na mwili usiotoa jasho. Nywele zake zilikuwa nyepesi, meno yake yalikuwa machache na yenye ncha, na jua likipanda mwili wake ulishika moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba ugonjwa huo hauna dawa. Mtoto alihitaji maji, kivuli na chumba chenye baridi. Basi baba yao, Duale, ambaye aliendesha lori hadi Moyale, aliuza ngamia wake, jamaa wakamchangia, na kiyoyozi kikafungwa katika chumba cha ndani. Saa za joto kali Abdi alikaa humo na magari yake ya makopo. Ayeeyo, bibi yao, aliingia kila jioni na chetezo, akafukiza uunsi, ule ubani wa Kisomali, hadi chumba chote kikanukia. Alisema mtoto aliyefungiwa ndani kutwa nzima anastahili angalau kulala penye harufu nzuri.

Upepo wa Isiolo huingiza vumbi hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kwa hiyo fundi aliyekifunga kiyoyozi alimfundisha Deqa kufungua kifuniko chake na kutoa vichujio viwili vya wavu mwembamba. "Hivi ndivyo vinavyokamata vumbi," alisema. "Kila Ijumaa uvioshe kwa maji ya vuguvugu, kisha uvianike kivulini." Mama yake, ambaye Deqa alimwita hooyo kwa lugha yao ya nyumbani, alimkabidhi kazi hiyo mbele ya watu wote. Deqa alijiona mkubwa siku ile.

Lakini Ijumaa moja rafiki yake Tuye alimwita wakaruke kamba. Ili vichujio vikauke upesi, Deqa alivitandaza juu ya paa la bati la jiko, juani. Aliporudi vilikuwa vimejikunja kama chapati iliyoungua. Alijaribu kuvisukuma mahali pake kwa nguvu, na fremu zikakatika mikononi mwake. Alivifunga katika gunia, akavificha nyuma ya makaa, kisha akarudisha kifuniko bila vichujio ndani.

Jambo la ajabu ni kwamba upepo wa kiyoyozi ulizidi nguvu siku hiyo.

"Leo umeviosha vizuri," hooyo alisema. "Sikia baridi hii!"

Deqa alijiambia kwamba hakuna ubaya uliotokea. Tangu hapo, kila Ijumaa aliingia chumbani, akafungua kifuniko kwa kishindo, akakifunga, akaenda kuilowesha mikono na kutoka ikidondosha maji. Na kila Ijumaa hooyo alimwombea. "Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe mdogo wako angeteseka." Mwanzoni maneno hayo yalimfurahisha kidogo. Baadaye alianza kuyaogopa.

Miezi ilipita, na baridi ikaanza kupungua polepole, hata hakuna aliyeweza kusema ilianza siku gani. Kwanza Abdi aliacha kujifunika shuka. Halafu akaanza kulala sakafuni juu ya saruji. Hooyo alimfungia madirisha, akampunguzia nguo, akamkandakanda kwa kitambaa cha maji. Mashine ilinguruma kutwa, lakini upepo uliotoka ulikuwa kama pumzi ya mtu mgonjwa.

Walimwita Shuriye, binamu ya baba, aliyekuwa akitengeneza friji mjini. Alikuja mara moja, akaacha kazi ya watu wengine. Hakuingia chumbani, kwa kuwa Abdi alikuwa amelala. Aliliendea sanduku la kiyoyozi lililo nje, lenye feni, akaunganisha geji yake ya kupimia gesi kwenye bomba na kutikisa kichwa.

"Gesi imepungua. Nitaongeza, na mtoto atalala raha leo." Aliijaza, tena akakataa malipo. "Abdi ni wangu pia," alisema.

Mtoto hakulala raha. Siku zilizofuata bomba liliota barafu, maji yakachuruzika ukutani, na upepo ukazidi kuwa hafifu. Mchana mmoja Abdi aliacha kuitika alipoitwa. Uso wake ulikuwa mwekundu, midomo imekauka, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Hooyo alimbeba mbio hadi hospitali akiwa amevaa ndala mbili zisizofanana. Muuguzi mmoja alimpepea mtoto kwa kipande cha katoni mpaka zamu yake ilipokwisha, na hata baada ya zamu hakuondoka.

Abdi alirudi nyumbani akiwa mnyonge kama kifaranga. Baba akapiga simu kutoka safarini. Sauti yake ilikatika mara kwa mara, lakini uamuzi ulisikika vizuri: Abdi apelekwe Timau, kwenye ubaridi wa mlimani, akakae na mama mdogo Sadiya.

"Mpaka lini?" Deqa aliuliza.

"Sijui," hooyo alijibu. "Labda mpaka awe mkubwa."

Jioni hiyo Abdi alimvuta Deqa kanzu. "Timau kuna nani wa kunilowesha fulana?"

"Kule hutahitaji."

"Basi wewe utamlowesha nani?"

Deqa aliondoka mbio. Alijificha nyuma ya jiko, karibu na lile gunia la vichujio, akalia huku ameziba mdomo kwa leso.

Kesho yake shuleni alimweleza Tuye yote. Tuye alikodoa macho.

"Kwa nini husemi, Deqa?"

"Nikisema watajua ni mimi niliyemuumiza Abdi."

"Na usiposema?"

"Shuriye amesema ni gesi. Yeye ni fundi, mimi ni nani?"

"Wewe ndiye uliyevunja," Tuye alisema. Hakusema kwa ubaya. Aligawa mandazi yake katikati akampa Deqa nusu kubwa, lakini Deqa alimrudishia.

Siku ya safari ilifika. Lomorukai, jirani mwenye pikapu, alikuwa amejitolea kuwapeleka Timau. Aliegesha mbele ya lango, akazima gari, akasema hana haraka. Virago vya Abdi vilikuwa katika mifuko miwili: mmoja alikuwa ameshaupakia, mwingine ulikuwa bado mlangoni. Abdi mwenyewe alikuwa amelala chumbani, usingizi wa kwanza baada ya homa, na hooyo alisema asiamshwe mpaka dakika ya mwisho.

Wakati huo Shuriye aliingia, na nyuma yake mwanamke mrefu aliyebeba sanduku la vyombo.

"Salaam aleikum. Nimemleta Makena," Shuriye alisema. "Alinifundisha kazi. Nimeshindwa, Mama Deqa, na sioni haya kusema."

"Habari zenu," Makena alisalimia. "Mgonjwa ni yupi, mtoto au mashine?"

"Wote wawili," ayeeyo alijibu.

Deqa alitazama mtungi wa gesi kwenye bega la Shuriye. Alitumaini watajaza tu, mashine ipone, mambo yaishe. Lakini Makena alimwambia Shuriye auweke chini.

"Hiyo hatuigusi bado. Gesi ya kiyoyozi si kama ya kupikia, haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya bomba, inarudi palepale. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Ulitafuta panapovuja?"

"Geji ilisoma chini," Shuriye alisema, akijikuna kisogo.

"Nilikuuliza habari ya geji?"

Shuriye alicheka kwa aibu. Makena alipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba, akainama kutazama. Hakuna povu lililovimba. Alipapasa chini ya viungo kutafuta mafuta, akakuta pakavu.

"Haivuji," alisema. "Kuna kitu kingine kinachofanya geji isome chini na bomba lipate barafu. Ni hewa isipopita vizuri kule ndani. Vichujio huoshwa?"

Hooyo aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake kupata nuru. "Hilo ondoa shaka. Deqa wangu huviosha. Hajakosa hata Ijumaa moja."

"Kama ni hivyo, naogopa ni kompresa, ule moyo wa mashine," Makena alisema taratibu. "Nitaingia nikague mkishaondoka, hakuna haja ya kumsumbua mtoto sasa. Mpelekeni tu Timau. Kompresa mpya si jambo la leo wala kesho."

Hooyo alinyanyua mfuko wa virago. Kamba ikamponyoka mikononi. Deqa aliona ile mikono. Ndiyo iliyokuwa ikiinuliwa kumwombea kila Ijumaa.

"Hooyo," alisema, akajifuta machozi. Akaanza tena. "Hooyo, si... sivi..."

Hakuna aliyemwelewa, kwa kuwa alikuwa akilia.

"Sivioshi! Viliharibika juani zamani, nikavificha. Mashine haina vichujio. Nilikuwa nalowesha mikono tu."

Shuriye alitazama miguu yake. Hooyo aliuweka mfuko chini, akakaa juu yake.

"Kila Ijumaa nilikuombea," alisema polepole. "Kila Ijumaa, Deqa."

Maneno hayo yalimuumiza Deqa kuliko kiboko. Alitamani hooyo ampige.

Makena alipiga goti mbele yake. "Nisikilize, msichana. Ulipovitoa, baridi ilipungua siku hiyohiyo?"

"Hapana. Ilizidi. Ikaja kupungua baadaye, kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo," Makena alirudia, akamtazama Shuriye. "Umesikia? Vumbi lilikuwa linajipanga. Gesi haikupungua hata siku moja. Ile uliyoongeza wewe ni ya ziada, na hiyo nayo inaitesa mashine."

Walimhamisha Abdi pamoja na kitanda chake bila kumwamsha, wakamweka barazani. Makena alizima stima, kisha akafungua kifuniko. Nyuma yake kulikuwa na vibati vyembamba vingi, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na kati yake hapakupita hata mwanga. Vilikuwa vimevaa blanketi la vumbi la kijivu. Alipaka dawa ya kuoshea, akanyunyiza maji, akasugua kwa brashi laini. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi, tena yalinukia.

Ayeeyo alisogea, akanusa, akashika shavu.

"Huo ni uunsi wangu."

"Ni kweli, bibi," Makena alisema kwa upole. "Moshi wake una mafuta. Vumbi linanata juu yake."

"Nami nilifikiri nampendeza mtoto." Ayeeyo alikichukua chetezo rafuni, akakipeleka nje mwenyewe, akiegemea fimbo yake hatua kwa hatua. Deqa alimkimbilia, akamshika mkono, na ayeeyo hakuuondoa mkono wake.

Kazi ilichukua muda mrefu. Shuriye alibeba ndoo za maji machafu bila kuambiwa. Makena aliukata wavu laini kuwa vichujio vya muda, akaifyonza ile gesi ya ziada kwa mashine yake ndogo na kuirudisha mtungini, akipima mpaka ikabaki kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kiyoyozi. Adhana ya magharibi ilipokaribia, aliwasha stima. Hewa ilitoka kwa nguvu. Walimrudisha Abdi chumbani, wakasimama wote kando ya kitanda, wakingoja.

Baada ya muda Abdi alijigeuza, akavuta magoti kifuani.

"Hooyo," alisema akiwa amefumba macho, "nasikia baridi."

Hooyo alifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia waziwazi. Kisha alitandaza shuka juu ya mwanawe, akamwita Deqa karibu.

"Mwanangu, kuvunja vichujio halikuwa jambo kubwa. Vitu huvunjika, na tungenunua vingine. Kosa ni kwamba ulituacha tuamini jambo lisilokuwepo. Shuriye aliongeza gesi, baba yako akaamua kumtoa Abdi nyumbani, mimi nikafunga virago, sote kwa sababu ya neno lako. Mtu anayetibu, awe daktari au fundi, huanza na kile alichoambiwa. Akiambiwa uongo, hata akiwa hodari, atatibu pasipouma. Leo umesema kweli mbele ya wageni, na najua ilikuwa ngumu. Siku nyingine useme mapema, kabla mtu hajaumia."

"Nitasema, hooyo. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini itanichukua muda kuacha kuitazama mikono yako, na utanivumilia."

Deqa aliitikia kwa kichwa. Aliona ni haki.

Hooyo alimfuta machozi kwa kiganja. "Sasa nenda langoni umwambie Lomorukai ashushe mfuko ule aliokwisha kuupakia. Mwambie hatuendi Timau."