Wati Mia Tatu na Tisini

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Nesi aliwasha kompyuta ya baiskeli namba tatu, akasoma maandishi mekundu kwenye skrini. Akaketi sakafuni na sare yake nyeupe ya hospitali.

*Akaunti hii imefungwa kwa udanganyifu.*

Ukumbi ulikuwa na baiskeli nne zisizokwenda popote. Gurudumu la nyuma la kila moja lilikandamiza roli ya mtambo unaopima nguvu za mwendeshaji, na kwenye skrini mtu alijiona akipanda vilima pamoja na wenzake wa nchi za mbali. Kesho yake, saa kumi alasiri, kulikuwa na mbio za mchujo. Watano wa kwanza wangeingia kwenye timu yenye kocha na mshahara. Nesi alikuwa amejiandaa miezi kumi na mmoja, kabla ya zamu na baada ya zamu.

"Nisomee yote," alisema Afande. Huyu alikuwa trafiki mstaafu, mama wa miaka sitini aliyeamriwa na daktari kuendesha baiskeli kwa ajili ya goti. Wenzake walimtania kwamba mdomo wake ndio uliofanya mazoezi zaidi.

Nesi alisoma huku akifuta machozi. "Jana, saa saba na dakika tano mchana hadi saa saba na dakika thelathini na tano. Nguvu, wati mia tatu na tisini. Mapigo ya moyo, hakuna. Mizunguko ya pedali, hakuna. Nina mpaka kesho saa sita mchana kuthibitisha kwamba si mimi. La sivyo, nitafungiwa miezi sita."

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Wodini. Asubuhi nilichelewa zamu, nikatoka mbio bila kufunga akaunti."

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Alikuwa mwendeshaji wa pili kwa nguvu hapo ukumbini, naye alikuwa mshiriki wa mchujo. Tena maneno ya siri ya akaunti zote nne yalibandikwa ukutani, kwa kuwa watu kumi waligawana tatu. Ya Nesi ilikuwa yake peke yake.

"Lisemwalo lipo," mtu mmoja alinong'ona.

"Semeni basi nisikie!" Mwalimu alifoka. "Jana saa saba nilikuwa darasani na watoto arobaini na wawili. Nenda kawaulize, Afande, kama unaweza kuwanyamazisha. Halafu ningepita wapi? Mlango unafungwa saa sita mpaka saa tisa."

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi tu," alijibu Mama mwenye ukumbi, akishika kamba shingoni. Asubuhi hiyo alikuwa hajasema neno jingine.

Afande alitazama mchoro wa nguvu. Mstari ulianza juu, ukaenda umenyooka nusu saa nzima. Mtu huchoka, hujikuna, hunywa maji. Huyu hakuhema hata mara moja. Akainama kwa shida, akilaani goti lake, akapitisha kidole kwenye roli ya namba tatu. Palikuwa na alama nyeusi ya mpira, pana kama vidole vitatu. Tairi la Nesi lilikuwa jekundu, jembamba kama kidole kimoja.

Akashuka ngazi hadi kwa fundi wa chini, aliyekuwa amezungukwa na baiskeli za umeme za wasambaza vifurushi. Matairi yao yalikuwa meusi na mapana.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Ukishatengeneza mota, unaijaribia wapi ikiwa na mzigo?"

"Juu kwenu, kwenye ule mtambo. Nakaza roli, naiacha mota izungushe gurudumu nusu saa. Mama hunifungulia wakati wa mapumziko." Fundi akasita. "Kwani hajawaambia?"

Saa moja kasorobo Afande alirudi juu, akafunga mlango.

"Shoga, jana mchana nani alikuwa kwenye namba tatu?"

Mama mwenye ukumbi alitazama sakafu. "Ada ya akaunti imepanda mara mbili mwaka huu. Sikutaka kuwapandishia nyinyi. Fundi ananilipa kidogo kwa kila mota. Jana skrini ilikuwa nyeusi, sikujua kompyuta iko macho."

"Na leo Nesi aliposoma saa?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nitukanwe," alisema Mwalimu.

"Nikieleza, wenye mtandao wa mbio wataniuliza ukumbi unaendeshwaje. Sheria yao ni akaunti moja, mtu mmoja. Watafunga zote! Hapa ndipo ninapokula."

Nesi alisimama. "Mama, ungeniangalia nikilia mpaka kesho?"

Mama alikuwa analia yeye.

"Mficha uchi hazai," alisema Afande, kwa upole sasa. "Andika."

Mama aliandika yote, hata zile akaunti tatu. Fundi alipandisha baiskeli ya umeme, wakairekodi ikizungusha roli bila mtu juu yake: wati mia tatu na tisini kamili. Mwalimu ndiye aliyeshika simu.

Jibu lilifika Jumamosi, saa tano na dakika arobaini. Akaunti ya Nesi imefunguliwa. Zile tatu zimefungwa kuanzia leo. Chini kulikuwa na fomu ya kuomba ada nafuu ya vikundi.

Hapo ndipo wengine walipong'amua kwamba Mwalimu alikuwa akitumia mojawapo ya zile tatu.

"Nimekuponza, baba," alisema Mama.

"Nilijua tangu jana niliposhika simu. Mbio nyingine zipo baada ya miezi sita. Tujaze hiyo fomu Jumatatu. Sasa nipe feni."

Saa kumi skrini tatu zilikuwa nyeusi, na watu kumi walisongamana nyuma ya baiskeli moja. Mwalimu alimpepea mpinzani wake, akimhesabia kilima kwa sauti ya darasani. "Usiinuke kwenye kiti! Bado! Bado! Sasa!"

Nesi alimaliza wa nne. Afande alirukaruka, akasahau goti. Mama mwenye ukumbi alibaki mlangoni, hajui kama anaruhusiwa kufurahi. Nesi alishuka akiyumba, akapita katikati ya pongezi zote, akaenda kumkumbatia na jasho lake lote.